Redio Niliisingizia Bure

Isevya, Tabora

Swahiba wangu wa Ujiji,

Salaam nyingi kwako na nyumba nzima. Dagaa walifika salama, na mama watoto anakushukuru, ingawa nusu yake imeishia kwa jirani. Maembe huku yameanza, mvua bado. Sasa nije kwenye lililonifanya nishike kalamu badala ya kukupigia, maana kwenye simu usingeniacha nimalize.

Unaikumbuka kanda uliyonirekodia kutoka kwenye santuri ya marehemu baba yako mdogo, ile Kind of Blue ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa jazi wa Marekani? Miaka yote nimekulaumu kwamba uliirekodi vibaya. Nikichukua gitaa nimfuate mpiga besi kwenye wimbo wa kwanza, "So What", najikuta niko chini yake kidogo. Nusu sauti haifiki. Ni kile kipande kidogo kinachoudhi kama changarawe kwenye wali. Nikasafisha hedi, kile kichwa cha redio kinachosoma kanda, kwa spiriti. Nikapeleka redio kwa fundi, akabadilisha mkanda wa raba, elfu tano ikaenda. Wapi! Mwishowe nikakaza nyuzi mpaka zikalingana na kanda, nikapiga upande wa A wote kwa raha zangu. Nageuza upande wa B, "All Blues" inaanza, safari hii mimi ndiye niliye juu. Nilipomwambia fundi kwamba redio yangu inakosea upande mmoja tu, alinitazama kama mgonjwa aliyetoroka wodini.

Kumbe bwana! Mpwa wangu alikuja likizo na kitabu cha Ashley Kahn cha mwaka 2000, kitabu kizima kuhusu santuri hiyo moja. Muziki ule ulirekodiwa kwa siku mbili, New York, kwenye studio ya kampuni ya santuri ya Columbia, iliyokuwa kanisa hapo zamani: tarehe 2 Machi 1959 nyimbo tatu za upande wa kwanza, tarehe 22 Aprili mbili za upande wa pili. Siku ile ya Machi mashine kuu ya kurekodia ilikuwa inazunguka polepole kuliko inavyotakiwa. Sasa kanda iliyorekodiwa polepole, ukija kuipiga kwa mwendo wake wa kawaida, muziki unakwenda mbio kidogo na sauti zote zinapanda. Santuri zikauzwa hivyo hivyo dunia nzima, mpaka mwaka 1992 walipoitumia kanda ya akiba, iliyorekodiwa siku ile ile na mashine ya pili iliyokuwa nzima. Zaidi ya miaka thelathini! Fikiria vijana waliojifungia chumbani na tarumbeta zao, wakiamini masikio yao ndiyo mabovu.

Basi nakuomba radhi, na redio pia nimeiomba radhi. Fundi simwombi, elfu tano yangu anayo.

Najua utakalosema. Kwako wewe kusoma habari za muziki ni kushiba harufu ya pilau ya jirani. Na nakiri, kuna siku una haki. Kitabu cha Mingus, mpiga besi yule wa jazi, nimekiweka chini kabla ya nusu. Majigambo ya wanawake ni mengi, na mimi nilikuwa natafuta besi. Tena ni wewe, bila kitabu chochote, uliyeniambia kwamba kwenye "Freddie Freeloader" anayepiga piano si yule wa nyimbo nyingine. Nikakubishia. Nimekuta ukweli: pale yuko Wynton Kelly, kwingine kote ni Bill Evans. Alama hiyo chukua. Ila sikio langu mimi lilijua kuna kosa, halikujua la nani, nikamwonea mtu asiyehusika, nawe ukiwamo.

La pili litakuuma zaidi. Ulisema jazi ya Marekani haituhusu, tuliazima jina tu tukalibandika kwenye bendi zetu. Mtafute Randy Weston, mpiga piano wa Marekani, santuri ya Uhuru Afrika, aliyoirekodi New York mwaka 1960, sisi tukiwa bado hatujapata Uhuru wetu. Wimbo wa kwanza unaitwa "Uhuru Kwanza", wa mwisho "Kucheza Blues". Kabla bendi haijapamba moto anasimama mtu anasema maneno ya mshairi wa Marekani Langston Hughes kwa Kiswahili, na mtu huyo ni Mtanganyika, Tuntemeke Sanga. Mara ya kwanza nilikuwa nakunywa chai, kikombe kikabaki hewani. Max Roach wa ngoma yumo, Freddie Hubbard wa tarumbeta yumo, na vyombo alivipanga mwanamke, Melba Liston. Makaburu wa Afrika Kusini waliipiga marufuku. Weston ameyaeleza kwenye kitabu chake cha mwaka 2010, African Rhythms. Nitakutafsiria kurasa hizo kama bado unanuna.

Lakini kinachoninyima usingizi ni vya kwetu. Kuhusu mashine moja ya New York iliyochelewa kuzunguka najua mpaka tarehe. Kuhusu Kiko Kids ya Salum Zahoro, iliyopiga hapa hapa mjini, nina kanda yenye jina la bendi kwenye ganda, basi. Kwenye "Dada Asha" ya Tabora Jazz najua anayeimba ni Shem Karenga. Gitaa la pili je? Nilimwendea mzee mmoja wa mtaa wa Ng'ambo, hapa hapa Tabora, aliyekuwa hakosi dansi, nikampigia kanda. Akataja jina, akalikana, akataja jingine, kisha akaanza kusimulia viatu alivyokuwa anavaa. Nimeandika vyote kwenye daftari, hata viatu.

Kwa hiyo naomba ile kanda yako uliyorekodi kutoka redioni, isiyo na maandishi. Kwanza mpigie shangazi yako wa Mwanga, hapo Kigoma, aisikilize yote, wewe uandike anachosema hata akijipinga. Kisha ifunge kwenye gazeti, umpe mtu unayemfahamu anayepanda treni. Usiitie pamoja na mawese, tafadhali. Unakumbuka yaliyoipata ile ya mwanzo.

Ni mimi swahiba wako,
wa Tabora