Kwa Musyoka, kuhusu nishani ya Namibia

Majengo, Mombasa

Ndugu yangu Musyoka,

Salamu nyingi sana. Ama baada ya salamu, sisi huku hatujambo, Alhamdulillahi, joto tu ndilo limetuzidi. Shemejio anakusalimu, na anauliza kama asali ya Kitui imekwisha mizingani au siku hizi unawapa wengine. Nimenyamaza muda mrefu, na kwenye simu hatupatani: nikipiga uko shambani, ukipiga niko msikitini. Lakini hili hata tungepatana lingetaka karatasi.

Faili langu la jeshi linasema sikwenda Namibia na kikosi cha Umoja wa Mataifa cha kulinda amani.

Nilijua kwa kwenda kujiandikisha. Tangu itoke ile sheria ya wanajeshi wastaafu ya 2022, sisi wa huku tumekuwa tukihimizana kila mtu aangalie makaratasi yake mapema, asije akawaachia wajane na mayatima kazi ya kukimbizana na ofisi. Nikaenda. Kijana aliyenipokea ni mtu wa adabu, alinipa kiti, akaniita mzee, akafungua faili mbele yangu. Ukuruta umo. Kozi ya udereva imo. Kambi zote zimo, mpaka ile tuliyolala kwenye matope. Halafu kuanzia 1988 mpaka katikati ya 1990 pameandikwa kambini, mstari mmoja mrefu, basi. Kwenye sehemu ya nishani, ile ya utumishi mrefu na mwenendo mwema iko. Ya Umoja wa Mataifa hakuna. Nikamwambia afungue ukurasa wa pili, akafungua. Akaniuliza kwa upole, "Mzee, una hakika ulikuwa kwenye kile kikosi?"

Musyoka, sikulala usiku ule.

Sasa chanzo chake ninakijua. Unakumbuka kombania yetu ilikuwa na akina Salim wawili, jina la kwanza moja, la baba moja, mpaka mkatugawa kwa kimo: yeye Salim Mrefu, mimi Salim Mfupi. Namba zetu za jeshi zilitofautiana tarakimu ya mwisho tu, mimi 1 na yeye 7. Yule kijana alinitafutia nakala ya orodha ya zamani ya waliosafiri, imefifia, ya mkono. Nimeitazama kwa miwani na bila miwani. Karani wa wakati ule alikuwa akiandika 1 yenye mkia wa juu, mkia umerefuka, na mtu aliyenakili baadaye akasoma 7. Basi Salim Mrefu, aliyevunjika mguu kwenye mpira kabla hatujaondoka na kubaki nyumbani, ndiye aliyekwenda Namibia. Mimi niliyepanda ndege na wewe ndiye niliyebaki.

Na ile siku ya gwaride la nishani unajua nilikuwa wapi. Nilikuwa nimetumwa Grootfontein na lori kuchukua mizigo. Niliporudi usiku wewe ulikuwa umelala na yako chini ya mto, nikakuamsha, ukanipa niishike. Bado naikumbuka ilivyo: shaba, mbele ile nembo ya dunia katikati ya matawi, nyuma maneno ya kutumikia amani. Afande Kipara akaniambia za waliokosa gwaride zitafuata. Zikafuata kweli, zikafuata namba.

Tuliporudi niliulizia, nikaambiwa subiri. Nikahamishwa, na huko nako nikaulizia. Wewe wajua jeshi lilivyo, afande mpya akija hataki habari za afande wa zamani. Mpaka nikastaafu. Nilikuwa nimejipa moyo kwamba nishani hata isipokuja, angalau kitabuni imeandikwa nilikuwepo. Kumbe hata hilo hakuna.

Sasa nikwambie jambo linaloniumiza kichwa zaidi, na ndilo hasa lililonifanya nikuandikie wewe na si mtu mwingine.

Salim Mrefu alifariki, Mungu amrehemu, habari hizo unazo. Nilivuka ferry nikaenda Likoni kumwona mjane wake, nia yangu niulize kama kuna makaratasi yake ya zamani ya kulinganisha namba. Shemeji akanipokea vizuri mno. Akaleta chai ya maziwa na mahamri, akaita watoto waje wamsalimu rafiki ya baba yao. Na pale sebuleni, kwenye kabati la vioo, kati ya vikombe vya sikukuu na picha ya marehemu amevaa sare, Musyoka, ile nishani imewekwa juu ya kitambaa cheupe. Utepe umechakaa kidogo upande mmoja. Mwanawe mkubwa akaniona naitazama, akaniambia, "Hiyo baba alipewa Namibia." Akasema kwa fahari ya mtoto aliyekua akiitazama kila siku.

Sikusema neno. Nilikunywa chai, nikawaombea dua, nikarudi zangu.

Sijui marehemu aliwaambia nini. Pengine aliipokea akaiweka anisubiri, na sisi tukapishana kwa uhamisho, kisha watoto wakaizoea na yeye akaona haya kuiondoa. Salim Mrefu hakuwa mwizi. Wewe ulikaa naye, niambie kama alikuwa mwizi. Na kulinda kambi wakati wengine wamesafiri nayo ni kazi.

Ninalotaka liko wazi kichwani mwangu. Ile ya kabatini siitaki. Ikae pale pale. Ninachotaka ni mstari wangu kwenye faili, niandikwe nilikuwa Namibia kwa tarehe zake, na kama watatoa nishani watoe kwa namba yangu. Sharti lilikuwa siku 90 ndani ya misheni, na mimi na wewe tulizipita mbali sana. Haina pesa hata shilingi, hilo najua. Lakini kule walikufa watu 19 wa Umoja wa Mataifa, na sisi tulikuwa katika walinzi wa ile amani, na nchi ikapatikana. Sitaki kuzikwa na faili linalosema nilikuwa kambini nikifagia.

Tatizo ni ile fomu ya kuomba masahihisho. Kuna mahali pameandikwa mwombaji aeleze kosa lilivyotokea. Nikiandika ukweli wote, watafungua faili la marehemu. Jina moja, nishani moja, ndivyo wanavyohesabu. Wakimfuta yeye, je, wataandikia familia barua? Watamtuma mtu Likoni akagonge mlango? Kalamu yangu imekwama hapo hapo.

Kwa hiyo ombi langu. Nataka uniandikie hati ya kiapo. Nenda kwa wakili hapo Kitui mjini akugongee muhuri, gharama yake nitakurudishia, usikatae. Uandike ulichokiona kwa macho yako kunihusu mimi, ya Salim Mrefu yaache. Andika kwamba tulilala hema moja. Andika ile baridi ya Windhoek ya mwezi wa saba, mimi mtu wa pwani nilivyovaa soksi mbili mikononi na wewe ukanigawia blanketi. Andika wakimbizi walivyokuwa wakirudi kutoka nje mwaka ule, maelfu kwa maelfu, na yule bibi aliyekataa kupanda lori langu mpaka abusu ardhi kwanza. Andika siku za kura, kuanzia tarehe 7 hadi 11 Novemba 1989, watu walivyopanga foleni tangu usiku, zaidi ya 700,000 walikuwa wamejiandikisha na karibu wote wakajitokeza. Tulipangwa wote kituo kimoja, wewe langoni na mimi kwenye gari. Na usiku wa kuamkia tarehe 21 Machi 1990, bendera ya Afrika Kusini iliposhushwa na ya Namibia ikapanda na Sam Nujoma akala kiapo, uliyekuwa ukimshika bega akilia ni nani kama si mimi?

Ongeza na hili: naibu kamanda wa kikosi chote cha Umoja wa Mataifa alikuwa Mkenya, Daniel Opande. Kombania nzima tulijivuna kwa hilo. Mtu aliyebaki nyumbani angelisoma gazetini tu, lakini siku alipotukagua mimi na wewe tulisimama mstari mmoja, na wewe kifungo chako kilikuwa kimekatika ukakiziba kwa mkono. Hilo pia andika, wakipenda wacheke.

Usiongeze nisilolifanya. Kama kuna mahali hukumbuki, acha wazi. Nimepata pia kadi yangu ya njano ya chanjo, imegongwa muhuri kabla ya safari, jina langu na namba yangu inayoishia na 1 safi kabisa. Kijana wa ofisini aliitazama akasema ni ushahidi mzuri, lakini anataka mtu aliyekuwepo.

Waliobaki ni wangapi, Musyoka? Kilonzo amepoteza kumbukumbu, mwanawe aliniambia. Wa Bungoma sijui hata kama yu hai. Umebaki wewe.

Sasa nikuulize, unijibu yote, usichague. Ile picha tuliyopiga mbele ya lori jeupe bado unayo? Nyuma yake uliandika tarehe, au nilikuwa nimeota? Je, namba yako mwenyewe imekaa sawa, umeshawahi kufunguliwa faili ukaliona? Kalione, tafadhali. Na hili la Likoni, wewe ungefanyaje? Nimwendee shemeji kwanza, nimweleze yeye peke yake kabla fomu haijaondoka? Niende na mke wangu, wanawake wakae waongee? Au nimwambie yule mwanawe mkubwa, kwa kuwa ndiye mwenye nyumba sasa? Nikinyamaza na wao wakaja kupata habari kwa barua ya serikali, nitamtazamaje mama yule? Na mwisho, unafikiri inawezekana kuwaomba wanipe mimi yangu bila kumfuta yeye, au hayo ni maombi ya mtoto?

Fomu sijaipeleka. Nakungoja wewe.

Hati yenyewe usiipige picha ukatuma kwa simu, wanataka yenye muhuri wa wino. Itie kwenye bahasha, mpe dereva wa basi la usiku, uniambie asubuhi ni gari gani, nitakuwa Mwembe Tayari kabla hajafungua buti. Na kama kuna chupa ya asali, mpe hiyo hiyo safari.

Ndugu yako,
Salim (Mfupi)