Pale kwenye "kazi ya mzazi"

Mbagala, Jumapili jioni

Mama yangu mdogo,

Marahaba. Juzi shikamoo yako sikuiitikia vizuri, na tena nikakwambia salio limekwisha. Halikuwa limekwisha, mama. Uliponiuliza, "Baba, kwenye fomu hapa pameandikwa kazi ya mzazi, niandike nini?" nilikosa jibu nikakata simu. Leo nimekaa chini ya mwembe wa baba yako mdogo nikujibu kwa kalamu.

Nianze na mama yako. Saa kumi alfajiri ameshaamka, anakoroga unga wa mchele na tui, anasubiri uumuke. Wewe unapotafuta soksi yako ya pili (ambayo huwa iko chini ya kitanda), yeye ameshageuza vitumbua vya kujaza ndoo. Hiyo ni kazi, na anayebisha aje ashike kile kijiti cha kugeuzia saa mbili mfululizo. Ila si ajira. Ajira ni pale mtu mwingine, au kampuni, au serikali, inapokubaliana na wewe: utafanya hiki, nami nitakulipa hiki kila mwisho wa mwezi. Mama yako hana wa kumpa mshahara wala likizo. Mvua ikinyesha wateja wasipite, hasara ni yake.

Mimi nilikuwa na ajira. Miaka tisa niliendesha mashine ya kufungasha sabuni pale kiwandani. Ukaletwa mtambo mpya, mrefu kama basi, unaopanga, unafunga na kuhesabu wenyewe. Wiki mbili baadaye karatasi ikabandikwa ubaoni, majina 11. Langu lilikuwa la saba. Nililisoma mara tatu nikidhani labda kuna mwingine anaitwa kama mimi. Watu wazima wanasema kibarua kimeota nyasi, na siku ile ulinisikia nikimwambia mama yako hivyo, ukaniuliza nyasi zenyewe ziko wapi.

Usidhani nilikosea kitu. Wala usidhani ule mtambo ni mbaya, unafanya kazi vizuri sana, nimeuona. Babu yako naye yalimpata. Alitoka Kasulu kijana mdogo kuja Korogwe kukata mkonge, ule mmea wa kutengenezea kamba. Wakati ule wakata mkonge waliitwa manamba, kwa sababu walitambuliwa kwa namba kuliko kwa majina. Alikuwa na kadi yake, kipande, yenye visanduku 30. Siku ukimaliza kazi uliyopimiwa, kisanduku kimoja kinawekwa alama. Vikijaa vyote ndipo unalipwa, hata vikichukua siku 40. Mwaka 1964 nchi yetu ilitoa takriban tani 230,000 za mkonge, ikiongoza duniani. Kisha zikaja kamba za plastiki, za bei nafuu, bei ya mkonge ikaporomoka, mashamba yakasimamiwa vibaya juu yake. Mwishoni mwa miaka ya 1990 zilibaki kama tani 20,000. Sasa fikiria wale wakataji wote. Hakuna hata mmoja aliyeamka siku moja akawa mvivu.

Ndiyo maana mtu akisema vijana hawana ajira kwa sababu wanachagua kazi, mimi huwa nanyamaza tu, maana nikijibu nitamkosea adabu.

Hapa Dar naamka mapema kama mama yako. Kabla ya saa kumi na mbili tuko getini, viwanda vya barabara ya Nyerere, wanaume kama 60 na wanawake wachache. Msimamizi anatoka na kikombe chake cha chai, ananyoosha kidole: wewe, wewe, na wewe wa fulana nyekundu. Dakika tano imekwisha. Wanaoingia ni deiwaka, wanalipwa jioni, kesho wanaanza upya pale pale getini. Wiki hii nimechaguliwa mara mbili, kupakua magunia. Siku nyingine nazunguka na bahasha yangu ya kaki yenye vyeti.

Nikuchekeshe kidogo. Redioni wakitaja idadi ya wasio na ajira, huenda mimi simo. Wanaohesabiwa ni wasio na kazi, walio tayari kufanya, na wanaoitafuta. Wewe humo kwa sababu ni mwanafunzi, na sheria hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa. Bibi humo, amechoka. Na kwa kipimo cha Shirika la Kazi Duniani, aliyefanya kazi ya kipato hata saa moja katika wiki ile anahesabiwa anayo kazi. Mimi na magunia yangu ya siku mbili ni mtu mwenye kazi kabisa! Nauli ya daladala haijui hesabu hiyo.

Uliuliza pia ile hela ya sare mpya ilitoka wapi. Nilipokuwa nalipwa, kila mwezi kulikuwa na fungu linakatwa kwenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Ukiachishwa bila kupenda, na umechangia muda wa kutosha, wanakupa theluthi ya mshahara kwa miezi 6. Inaitwa fao la upotevu wa ajira. Sare zako na mchele wa mama yako wa kuanzia vitumbua vimetoka humo. Mwezi ujao ni wa sita, yaani wa mwisho.

Sasa fomu. Kwa baba andika "mwendesha mitambo", kwa sababu karatasi ile ya ubaoni iliondoa ajira, haikuondoa ufundi. Mwalimu akiuliza wapi, sema yuko Dar es Salaam, anatafuta. Kwa mama usiandike "mama wa nyumbani", na usiache wazi. Andika "mpika na muuza vitumbua". Nafasi ikiwa ndogo, andika kwa herufi ndogo.

Barua hii nampa utingo wa basi la kesho asubuhi. Mwambie mama aifuate stendi.

Baba yako