SALAMU ZA SHUKRANI KUTOKA FAMILIA YETU, UKEREWE: BABA AMERUDI NYUMBANI

Tumsifu Yesu Kristo, na kwa ndugu zetu Waislamu asalaam aleykum. Mimi ni binti wa pili wa Mzee, naandika kwa niaba ya mama, kaka zangu na ukoo mzima. Tumechelewa kushukuru, mtusamehe, kiukweli tulikuwa hatuna nguvu hata ya kushika simu.

Baba yupo nyumbani toka Alhamisi. Anakula uji, anatembea mpaka kwenye mwembe na kurudi, jana kaanza kugomba kuhusu kuku, tukajua sasa kapona kweli. Mungu ni mwema jamani.

Kwa wasiojua ilikuwaje. Baba alikuwa na ngiri miaka mingi na hakuna aliyejua zaidi ya mama, alikuwa anaifunga na kitambaa chini ya suruali na kwenda ziwani kuvuta nyavu kama kawaida. Anaogopa kisu na anaona aibu, wazee wetu ndivyo walivyo. Jumamosi ile jioni ikatoka ikagoma kurudi. Saa 1 usiku tukampakia kwenye bajaji anatapika, tumbo limejaa kama ngoma. Kituo cha kwanza tulichofika daktari hakukaa hata dakika tano akasema huyu utumbo umenaswa, damu haipiti, akichelewa kipande kinakufa. Na thieta ipo, taa zipo, daktari yupo, ila mtu wa usingizi alikuwa mmoja tu na siku ile yuko msibani kwao. Bila mtu wa usingizi huwezi kumfungua mtu tumbo. Simlaumu mtu hapo, yule daktari alitoka nje akasimama ukutani nikamuona anajifuta macho. Akamuwekea baba mpira wa puani wa kutoa uchafu wa tumboni, mpira wa mkojo na dripu, akasema pelekeni Mwanza usiku huu huu.

Usiku kivuko cha Rugezi cha kututoa kisiwani kimelala. Hapo ndipo nilipoona mkono wa Mungu, maana tulipofika pale ufukweni tulimkuta jirani yetu wa mwaloni, pale wanaposhusha samaki, anajiandaa kwenda kwenye dagaa, na ilikuwa giza zuri la dagaa, mwenye kujua anajua usiku mmoja wa giza ni hela gani. Alizima taa zake zote, akawaambia vijana wake shusheni nyavu, twende Kisorya ng'ambo. Hela alikataa, alichukua petroli tu.

Nesi alikuwa katoka zamu, ana mtoto wa miezi saba nyumbani. Hakuna aliyemtuma. Aliingia kwenye boti na kanga yake, akakaa miguuni kwa baba na tochi ya simu mdomoni anahesabu matone ya dripu. Chupa hatukuwa na pa kuining'iniza, binamu yangu akaifunga kwenye kasia akalishika wima njia nzima, mawimbi yanatupiga, mkono unamtetemeka mpaka mwisho akawa analikumbatia kama mtoto. Kila baada ya muda nesi anamwambia binamu inua, damu inarudi kwenye mpira. Dada yetu, hatuna cha kukulipa. Mungu amlinde mwanao.

Kisorya tukasubiri ambulensi, halafu Bunda, Lamadi, Magu, tukaingia hospitali ya rufaa Mwanza saa 11 alfajiri. Masaa 10. Mdogo wangu wa mwisho anasoma uuguzi, alinionyesha ripoti moja ya mwaka 2015 ya wataalamu wa upasuaji, wanasema watu bilioni 5 duniani hawafikiwi na upasuaji salama wanaoumudu, na lengo ni mtu afike penye huduma ndani ya masaa 2. Nilicheka kwa uchungu, masaa 2 sisi tulikuwa bado tunatafuta boti.

Saa 3 asubuhi akaingia thieta kwa nusu kaputi. Walikata kipande cha utumbo kilichokuwa kimeshakufa, wakaunga, na ngiri wakaifunga. Daktari alitoka akatuambia mngechelewa mpaka mchana tungekuwa tunaongea mengine. Damu ziliingia chupa tatu, akalazwa ICU siku nne anapumulia oksijeni. Padre alikuja kumpa mpako wa wagonjwa, mama akajua ndiyo basi tena.

Kadi ya CHF, ile bima ya afya ya jamii, ilikuwa imeisha muda, wakati ule ilikuwa elfu 30 tu ya kaya nzima, tulikuwa tunasema tutalipa tukiuza dagaa. Bili ikaja tukaangaliana. Ndipo tukawalilia nyinyi. Ndani ya siku sita mlituma milioni 3 na laki 4, kuna mtu alituma elfu 2 na ya kutolea juu yake, sijui ni nani ila ule muamala mama aliomba asomewe mara mbili.

Sasa niwataje harakaharaka. Vijana watano wa chuo waliokuja kutoa damu bila kutujua, jumuiya yetu na WAWATA (wanawake Wakatoliki), kwaya, Sheikh na waumini waliosoma dua msikitini, walimu wa shule ya msingi, wavuvi wote wa mwaloni, bodaboda wa stendi, grupu la darasa la saba 2004, wana Ukerewe mlioko Dar na Musoma na yule wa Oman, shangazi aliyetupikia Mwanza wiki mbili na kutulaza nane chumba kimoja, dada wa ustawi wa jamii, dereva wa ambulensi, madaktari, manesi, watu wa usingizi, na wafagizi wa wodini waliokuwa wanamsalimia baba kila asubuhi.

Najua nimesahau wengi. Tafadhali msinune, simu yangu iliingia maji kwenye boti, meseji za siku mbili za kwanza zote zimepotea. Kama ulichangia na hukupata asante usidhani tulidharau, mwambie mama ukimuona, atakushika mkono mwenyewe. Kama kuna mtu tulimjibu vibaya siku zile pia mtusamehe, hatukuwa sisi.

Misa ya shukrani ni Jumapili hii, misa ya kwanza, halafu chai nyumbani. Risiti zote mtunza hazina anazo, mtu yeyote aje aangalie.

Na mwenye kasia, lilirudi na ambulensi mpaka Bunda, dereva kalileta juzi. Lipo hapa uani, limeegemezwa kwenye mwembe, baba anashikilia akitembea. Tuachie kidogo tu, wiki mbili tatu hivi.