Lita Zinapotelea Wapi? Barua kwa Mwanangu Aliye Dodoma

Mwanangu Neema,

Salamu kwako, kwa mkwe wangu na kwa wajukuu. Umesema hela ya petroli na gesi inakata kabla ya tarehe 20, na mmeamua kuacha kutoka wikiendi. Msianzie huko. Anzeni na kupima, maana mnaweza kujinyima matembezi kumbe gari lina kasoro inayotengenezwa kwa hela kidogo.

Jaza tanki mpaka pampu ijikate yenyewe mara ya kwanza, basi. Usimwache kijana wa kituoni aendelee kubana eti ijae vizuri. Petroli ya ziada huingia kwenye mfumo unaonasa mvuke wa tanki na kuuharibu. Rudisha kipimo cha safari kwenye sifuri, tembea kama kawaida mpaka ibaki robo, kisha jaza tena kwenye pampu ileile. Gawa kilomita kwa lita zilizoingia: 408 kwa 34 ni kilomita 12 kwa lita. Vitz ya cc 1300 ikikupa 12 mjini, mshukuru Mungu. Ikikupa 8, kuna jambo. Na msiwe watu wa kusubiri taa iwake: pampu ya petroli imo ndani ya tanki na hupozwa na petroli hiyohiyo, kwa hiyo anayeishi kwenye taa huishia kununua pampu.

Ikiwa ni 8, anza na upepo wa matairi. Kiwango kimeandikwa kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, na hupimwa asubuhi tairi likiwa baridi. Halafu, ukitoka safari ya kilomita kumi hivi bila kufunga breki sana mwishoni, sogeza kiganja karibu na kila rimu, usiiguse. Moja ikiwa ya moto kuliko wenzake, breki yake inashika, na injini inaburuta gari usiku na mchana.

La tatu ndilo mafundi wengi hawatakwambia: muulize fundi kama themostati, ile vali inayozuia maji ya kupoza mpaka injini ipate joto, bado ipo. Gari likichemsha, wapo wanaoing'oa na kuitupa, wakisema nchi ya joto haihitaji kitu hicho. Injini isipofika joto lake, kompyuta ya gari hudhani injini ndiyo kwanza imewashwa asubuhi na huendelea kumwaga petroli nyingi. Dalili yake ni hita kupuliza hewa vuguvugu hata baada ya nusu saa ya mwendo. Oili nayo, fuata kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari. Ukiwekewa nzito ya 20W-50 mahali pa nyepesi ya 5W-30, injini inakoroga uji. Filta ya hewa badilisha, lakini usitegemee miujiza: kwenye gari la EFI, yaani lenye kompyuta inayopima petroli ya kupulizia injini, filta chafu hula nguvu kuliko inavyokula mafuta.

Mkwe wangu aache kuweka frii, yaani kutoa gia, kwenye mteremko. Gari la EFI likiwa kwenye gia na mguu umetoka kwenye pedali, petroli hukatwa kabisa. Ukiweka frii, injini inahitaji petroli ili isizimike, tena unakosa breki ya injini. Kukaa na AC ukisubiri watoto shuleni nako kunaweza kula nusu lita hadi lita nzima kwa saa.

Kuhusu foleni ya Jumanne usiku kabla EWURA, wasimamizi wa bei za mafuta, haijatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi: bei ikipanda shilingi 100 na tanki lako lina nafasi ya lita 20, umeokoa 2,000. Ukikaa foleni saa nzima injini ikiunguruma, unaweza kuzirudisha zote. Na petroli kwenye madumu nyumbani, hapana kabisa. Mvuke wake hutambaa sakafuni mpaka ulipo moto wa jiko.

Mkija Dar es Salaam, ni kilomita 450 hivi, yaani karibu lita 38 kwa kuja tu. Zidisha kwa bei ya pampu, ulinganishe na nauli ya treni ya SGR. Mkiwa wawili hesabu ni moja, mkiwa watano ni nyingine.

Jikoni sasa. Gesi usinunue kwa kuutikisa mtungi. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma chake, karibu na herufi TW. Ikiwa ni 14.5, mtungi wa kilo 15 uliojaa usome 29.5 kwenye mzani, na upimwe mbele yako. Andika tarehe uliyoufunga. Ukidumu siku 45, mnatumia gramu 333 kwa siku. Mwezi ujao ukidumu 35, tafuta sababu. Paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira na regulata uone kama linatoa mapovu. Moto ukiwa wa njano na sufuria zikapata masizi, gesi haiungui yote. Safisha matundu ya bana, pale moto unapotokea, na njia ya hewa. Ndimi zikipanda ubavuni mwa sufuria, unapasha hewa.

Maharage ndiyo mlaji mkubwa. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji hayo, yapikie kwenye presha. Ile presha ya umeme ya wati 1,000 hupika nusu kilo kwa takriban nusu uniti, kwa sababu haiwaki muda wote. Kama luku yenu iko D1, kundi la nyumba zinazotumia umeme kidogo, angalieni tu msivuke uniti 75 kwa mwezi, maana zinazozidi hutozwa bei ya juu zaidi. Ukitumia kikapu cha joto, kile kinachotunza joto ili chakula kiive bila moto, maharage, hasa mekundu, lazima yachemke kwa nguvu dakika kumi kamili kabla ya kufunikwa. Yana sumu ambayo joto la kikapu peke yake haliiui, na tumbo litakusimulia.

Ukishajaza tanki mara mbili, niandikie kilomita na lita kama zilivyo, usizipambe. Na TW ya mtungi wenu pia.

Baba yako