Barua ya wazi kwa Waziri wa Ujenzi: Njia mbili zikigeuka moja, nani ampishe nani?

Mheshimiwa Waziri, salaam.

Mimi ni dereva, nakaa Tegeta na kibarua changu kiko Posta, kwa hiyo Barabara ya Bagamoyo naijua kwa vumbi lake na kwa matope yake. Sina ugomvi na ujenzi wa njia za mwendokasi. Anayetaka barabara lazima avumilie kifusi. Ugomvi wangu uko pale koni zinapopangwa na njia mbili zikabaki moja.

Pale kila dereva ana sheria yake. Mstaarabu anahamia mapema kwenye njia inayobaki, anakaa kwenye foleni akisonya. Njia ya pili inabaki tupu. Anayeifuata hadi mwisho anaonekana mhuni, na akifika kwenye koni hapishwi: bampa kwa bampa, vioo juu, kila mtu anajifanya hajamwona. Mwingine analaza lori lake katikati ya njia zote mbili ili asipite mtu. Sijui huo utrafiki kapewa na nani.

Najua nitatukanwa, lakini anayetumia njia iliyo wazi mpaka inapoishia hajakosea. Panapobana hapapitishi magari mengi zaidi eti kwa sababu tulijipanga mapema. Ila foleni ya kilomita mbili ikikaa kwenye njia mbili inakuwa ya kilomita moja hivi, na makutano ya nyuma yanafunguka. Ujerumani wameliweka hili ndani ya sheria yao ya barabarani: magari yanakwenda hadi njia inapofinywa, kisha yanaingiana kwa zamu, moja la huku na moja la kule, kama meno ya zipu.

Wa kuandikiwa faini ni anayetanua, yule anayepita pembeni walipo waenda kwa miguu, au anayeingia upande wa magari yanayokuja. Huyo na yule wa njia iliyo wazi tumewaweka kapu moja, ndiyo maana hasira zetu zinaangukia asiyehusika.

Na kupishana kwa zamu tunakuweza. Mtazame konda wa daladala. Anachungulia mlangoni, anatoa mkono, kiganja chini, anaupunga taratibu kuomba njia, na madereva wale wale wagumu wanalegea. Akikataliwa anaruka chini, anasimama mbele ya lori la mchanga: "Suka, ingia!" Daladala ikishaingia anapiga bodi mara mbili, anadandia, na lori linafuata nyuma yake. Sasa wengine ambao hatuna konda tuombe njia kwa nani? Tuwekewe kibao kikubwa, kwa Kiswahili, mwanzoni mwa eneo la kazi: TUMIENI NJIA ZOTE MBILI. Na kingine penye koni za mwisho: PISHANENI KWA ZAMU. Kijana wa bendera naye aelekezwe hivyo hivyo, maana siku hizi anapunga tu, hatuelewi anamwita nani.

Zamu haiwezekani kama mmoja anakuja na 70 na mwingine anatambaa. Hapo ndipo mwendo unapohusika. Kuna eneo moja la kazi, mkandarasi wake simtaji, ambako kibao cha 30 kinabaki kimesimama hata Jumapili, mitambo imezimwa, hakuna fundi hata mmoja. Dereva anakizoea, anakipuuza. Jumatatu shimo limechimbwa pembeni mwa lami, mafundi wameinama humo, na kibao ni kile kile ambacho hakuna anayekiamini tena. Vibao vifunikwe kazi isipokuwepo. Nje ya mji, mabasi na malori yanaruhusiwa 80, kwa hiyo mwendo ushushwe kwa hatua, 80, 50, halafu 30, si kukutana na 30 ghafla kwenye kona. Anayefunga breki kwenye 80 anahitaji umbali zaidi ya mara mbili ya aliye kwenye 50, na hapo lami iwe kavu na breki ziwe nzima. Usiku ndiyo usiseme: pipa lililopakwa chokaa halionekani mpaka umelifikia.

Haya yote yanaweza kuandikwa kwenye mikataba ya ujenzi, na mkandarasi asilipwe kipengele cha usalama mpaka vibao vikaguliwe usiku, si mchana tu. Nakala ya barua hii ni kwa Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani, kwa ombi moja: trafiki mwenye tochi ya kupimia mwendo anayetusubiri mbele, barabara ikishafunguka, ahamishiwe kwenye koni, saa kumi na moja jioni.

Wako,
Dereva wa Tegeta