Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Uendelevu

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wakulima wa kahawa,

Mwaka huu hakuna neno lililonisumbua kama "uendelevu". Mnunuzi akilitamka anataka ramani ya mashamba. Benki wanataka kujua kama mkopo wa msimu utarudi. Mkaguzi wa cheti anataka daftari la dawa, na makopo matupu tunayatupa wapi. Mwanzoni wote niliwapa jibu moja, na hakuna aliyeridhika.

La mnunuzi ndilo lililotuchosha. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 inataka kahawa inayoingia kwao isitoke kwenye ardhi iliyofyekwa msitu baada ya 31 Desemba 2020, na kila shamba lijulikane lilipo. Utekelezaji umeahirishwa mara mbili, ila wanunuzi hawakusubiri. Vijana wetu wamezunguka vihamba, mashamba yetu ya nyumbani, na simu mkononi. Shamba lisilozidi hekta 4 nukta moja ya ramani inatosha, na huku mlimani nani ana hekta 4? Bibi mmoja aliwazuia mlangoni: "Mnapima mkamuuzie nani?" Wakakaribishwa chai, wakaeleza, ndipo wakapima. Kihamba chake kina migomba, mibuni chini yake, na miti ya miringaringa iliyopandwa na baba mkwe wake. Huyo ndiye anayedaiwa ushahidi kwamba hajafyeka msitu!

Kwenye maji tumekosea wenyewe. Shimo la maji machafu ya mashine ya kumenya kahawa lilijaa mavuno yakiwa yamepamba moto, likafurika hadi kwenye mfongo, mfereji wetu wa maji. Majirani wa chini walisikia harufu kabla yetu, na malalamiko yao yalikuwa ya haki. Shimo la pili limeshachimbwa.

Katika fomu zote nilizojaza, hakuna iliyouliza umri wa mkulima. Tazameni humu ukumbini. Watoto wetu wanalima nyanya kwa sababu hela yake haichelewi, nasi tunawaita wavivu wa kahawa huku kihamba, na hela ya kahawa, vikibaki kwa jina la baba.

Kwa hiyo kamati imeamua: miche ya kitalu chetu, ile ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, inayostahimili chulebuni (ugonjwa wa matunda ya kahawa) na kutu ya majani, itaanza kugawiwa vijana ambao wazazi wamewatengea mistari yao ya mibuni na kukubali waandikishwe uanachama, malipo yaingie kwa majina yao. Fomu ziko kwa katibu. Wazazi mtasaini leo, kabla ya chakula.