Satima Jumamosi: someni kabla ya kufunga mkoba

Hamjambo wote. Jumamosi tunapanda Satima, kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Aberdare, takriban mita 4,000. Kiingilio cha mbuga hulipwa mtandaoni, kwa hiyo maliza kufikia Ijumaa mchana. Beba kitambulisho.

Tunaanza kutembea saa moja asubuhi kamili. Mawingu hushuka mchana, na yakishafunika nyanda za juu kila upande unafanana na mwingine. Saa saba tunageuka, hata kilele kikiwa mbele ya macho.

Sasa viatu, maana ndivyo huwaangusha wengi. Nyasi za kule huota kwa vichuguu, na kati ya kimoja na kingine kuna matope. Ukikanyaga ukingoni, mguu unateleza na kifundo kinateguka. Vaa buti zinazofunika kifundo, tena zilizokwisha kuuzoea mguu wako. Mpya zitakutoa malengelenge. Fimbo ya kutembelea husaidia sana, hasa kupima kina cha tope. Jinzi hapana: zikilowa hazikauki, na upepo wa huko hauna huruma.

Maji lita 2 au 3, koti la mvua, sweta, kofia, glavu. Kichwa kikiuma au kichefuchefu kikianza, sema mapema. Dawa yake ni kushuka.

Nyati na tembo wapo, kwa hiyo hakuna kumtangulia askari wa KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya). Picha za miamba ya Dragon's Teeth pigeni tukipanda, kabla ukungu haujaifunika.